Shingo ya Mtu wa Mbele

Kila tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri ya Kenya, kabla ya saa nne asubuhi, wazee watatu hufika kwangu hapa Nakuru kutazama gwaride la bendera ya kikosi kwenye televisheni. Mmoja alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi. Wa pili alikuwa sajini, akailinda bendera yenyewe. Wa tatu ndiye aliyetufundisha gwaride. Siku hizi anatembelea mkongojo, lakini bado tunamwita afande na hakuna anayeketi kabla yake.

Bendera ninayoisema siyo ile ya taifa inayopandishwa mlingotini. Hii ni ya kikosi, ya kitambaa kizito, na pindo lake ni la nyuzi za dhahabu. Vikosi vya Kenya Rifles, yaani askari wa miguu wa jeshi la Kenya, vina bendera za aina hii. Desturi ya kuipitisha taratibu mbele ya safu tuliirithi kwa Waingereza, kupitia Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki. Enzi za vita vya baruti, askari alipaswa kuitambua bendera yake hata ndani ya moshi, ili safu zikivunjika ajue pa kukimbilia. Kwa hiyo ilitembezwa mbele ya kila mtu, pole pole, macho yaizoee.

Watu wakiniuliza gwaride la Jamhuri lilikuwaje enzi zetu, jibu langu huwashangaza: sikuliona. Nilikuwa ndani yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, Uwanja wa Nyayo ukiwa bado mgeni machoni petu. Tulikuwa tumefanya mazoezi kwa wiki nyingi kambini, Bonde la Ufa, tangu umande haujakauka. Afande alikuwa akipita nyuma yetu akisema kwa sauti ya chini, "Usikaze magoti. Chezesha vidole ndani ya buti." Anayekaza magoti damu hairudi kichwani, na jua la Desemba humwangusha kama gogo. Usiku tulikaa vitandani na kiwi na kitambaa chenye maji, tukizungusha kidole kwenye ncha ya buti mpaka uone taa ya dari imo ndani yake. Buti langu la kushoto lilikataa kung'aa. Nililala saa nane.

Siku yenyewe nilisimama safu ya nyuma. Mbele yangu kulikuwa na shingo ya mwenzangu, na kwenye shingo hiyo kovu dogo chini ya sikio la kulia, mfano wa punje ya mchele. Hilo ndilo gwaride langu. Kwa zaidi ya saa moja nilitazama kovu lile. Nilisikia bendi ikienda na kurudi, nikasikia umati, nikasikia amri na vishindo vya buti ambavyo vyangu vilikuwamo. Bendera ilipopita mbele ya safu yetu niliipata juu ya bega la mwenzangu kwa sekunde chache tu: pindo la dhahabu, mkono wenye glavu nyeupe, basi.

Sajini naye ana lake. Anakumbuka upepo. Asubuhi ile ulivuma kutoka upande, kitambaa kikajaa kama tanga, na alimwona luteni aliyeibeba akiuma meno bila kusogea hata inchi. Mpiga ngoma anakumbuka jasho lililomwingia jicho la kushoto na mikono isiyoruhusiwa kulifuta. Afande anakumbuka hesabu ya hatua. Ukimwuliza leo atakuhesabia, akigonga sakafu kwa mkongojo. Kila mmoja ana kipande chake, na mezani kwangu, kila Desemba, tunaviunganisha upya kana kwamba hatujawahi.

Kipande ninachokithamini kuliko vyote sikukiona pia. Nililetewa na dada yangu.

Baba alikuwa Keya. Alitoka Kitui kijana, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa wale wa Afrika Mashariki walioteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, wakivuta magari kwenye tope, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Jina la Kalewa liliingizwa katika orodha ya heshima za vita za KAR, yaani mapigano ambayo jeshi hilo lilitunukiwa. Nyumbani hakulitaja zaidi ya mara mbili tatu. Nilipoandikishwa jeshini aliniangalia viatu, akasema vinatosha.

Sikujua kwamba siku ile alikuja. Dada yangu, aliyekuwa akiishi Nairobi, alimpokea kituo cha basi usiku, na asubuhi akampeleka uwanjani. Walikaa juu, mbali. Anasema mzee hakuuliza niko wapi, hakunyoosha kidole kunitafuta. Bendera ilipoanza kutembezwa mbele ya safu, watu waliokuwa karibu nao wakiwa wameketi wakila njugu, yeye alisimama. Akavua kofia. Akabana visigino, mikono ubavuni, kidevu juu, na alibaki hivyo mpaka bendera ikamaliza safu ya mwisho. Kijana wa nyuma alimwomba akae, anamziba. Dada akamgeukia kijana yule na kumwambia, "Mwache."

Nilipokwenda likizo mwezi wa Januari, Baba aliniuliza kama buti zinanibana. Hakusema alikuwako, nami sikumwuliza, maana dada aliniambia siku tulipomzika.

Desemba iliyopita, bendera ilipoingia, afande alijiinua kwa mkongojo wake na sisi tukasimama naye, kama kawaida. Wenzangu walikuwa wakitazama safu. Mimi nilisubiri kamera igeukie jukwaani, na kila ilipogeuka niliwapitia watu wa juu, mmoja mmoja, nikitafuta mzee aliyesimama.