Nilivyopata uhusiano wa msukosuko wa sumaku na miale ya kosmiki

Nilitaka kujua jinsi msukosuko wa uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa Jua unavyoizuia miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotoka nje ya mfumo wa Jua. Kila niliyemwuliza alinipa jibu lilelile: chukua nguvu ya uga, chukua hesabu za nyutroni (chembe ambazo miale huzifyatua ikigonga hewa, zikahesabiwa ardhini), chora grafu, umemaliza. Ushauri huo ulinila wiki tatu. Nguvu ya uga ni kitu kimoja, msukosuko wake ni kingine. Ni yale makunyanzi ya uga yanayoigonga miale na kuitawanya kabla haijatufikia, na hayo ndiyo niliyotaka kuyapima.

Data ni za bure. Za sumaku zinatoka chombo cha angani cha ACE, kilichorushwa mwaka 1997, kiko kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu upande wa Jua. Za miale nilichukua kituo cha kuhesabu nyutroni cha Oulu, Ufini. Nilipakua kuanzia 1998 hadi 2009. Bando lilinitoka elfu kumi na kitu. Chukua hesabu zilizokwisha kurekebishwa kwa kanieneo ya hewa, vinginevyo utasoma hali ya hewa ya Oulu ukidhani ni Jua.

Grafu yangu ya kwanza ilikuwa na minara. Uga wa kawaida ni nanotesla 5 hivi, lakini kuna saa msukosuko ulizidi 400! Usiku ule sikulala, nikijua nimegundua jambo. Nikaweka hesabu za Oulu chini yake: kimya, hazikutikisika hata kidogo. Ndipo nikafungua faili na kulipitia mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. 4.8, 4.9, 4.7, kisha -999.9. Hiyo ni alama ya kwamba kipimo hakipo, nami nilikuwa nimeiacha iingie kwenye hesabu kama namba halali. Futeni hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Minara ikaanguka, uhusiano bado dhaifu. Nilikuwa napima msukosuko wa kila saa moja, yaani jinsi uga ulivyoyumba ndani ya saa hiyo, kama nilivyoambiwa. Nikachukua karatasi na kalamu. Protoni ya GeV 10 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), aina inayohisiwa na vituo vya nyutroni, ndani ya nanotesla 5 huzunguka duara ambalo nusu kipenyo chake ni karibu kilomita milioni 7. Wimbi linaloweza kuigeuza njia lazima lilingane na duara hilo, na kwa upepo wa Jua wa kilomita 400 kwa sekunde, wimbi hilo huchukua zaidi ya siku nzima kupita mbele ya ACE. Saa moja ni viwimbi tu kwa chembe kubwa namna hiyo! Nikapanua dirisha hadi siku mbili, kisha nikachukua wastani wa siku 27, mzunguko mmoja wa Jua, na picha ikajitokeza: mwaka 2009 Jua limetulia na hesabu ziko juu kuliko wakati wowote niliopakua. (Ile dhoruba ya Oktoba 2003, iliyozishusha kwa karibu asilimia 20, itazameni peke yake kwa data za kila saa, wastani wa siku 27 unaimeza.)

Ila mistari ilipishana, Oulu ikichelewa. Nikakumbuka kwamba chombo cha angani Voyager 1 kilivuka mpaka wa upepo wa Jua mwaka 2012 kikiwa mbali mara 121 ya umbali wetu na Jua; upepo huhitaji zaidi ya mwaka kufika huko, na miale hupita katika eneo hilo lote, si hapa ACE ilipo tu. Nikaisogeza safu ya Oulu nyuma mwezi mmoja, miwili, nikaendelea. Nilipofika miezi kadhaa, mabonde ya Oulu yakakaa chini ya vilima vya msukosuko.