Hadi Magadi kwa Tairi za Kiangazi

Gari langu lilitoka Japani likiwa na tairi za theluji. Ubavuni zilichorwa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na mpira wenyewe ulikuwa laini mno. Kabla ya kushika njia ya Magadi nilizivua zote nne, nikavisha tairi za kiangazi, yaani za hali ya hewa ya joto. Fundi alinionyesha tarakimu nne zinazofunga yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka.

"Mzee, soma hapa kabla hujauliza bei," akaniambia.

Tuliondoka Lang'ata alfajiri ya Julai, mimi na shemeji, manyunyu yakianguka. Mpira wa kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na Nairobi, pamoja na baridi yake yote ya Julai, ni nadra kufika huko. Hadi Ongata Rongai lami ilikuwa imelowa chapachapa, lakini breki zilishika na mifereji ya tairi ikasukuma maji pembeni. Wanaopita hapo mvuani na tairi kipara, tena wamebeba abiria, huniudhi sana.

Tukapita Kiserian, tukafika Corner Baridi, na Bonde la Ufa likatanda mbele yetu. Kutoka huku juu hadi Magadi unateremka zaidi ya mita 1,000. Niliweka gia ndogo ili nisichome breki, na kwenye kona nikahisi tofauti kubwa: usukani ulijibu papo hapo. Kwa zile tairi za theluji gari lilikuwa likilegalega kila nilipokata kona lami ikiwa na joto, na meno yake yalilika upesi.

Olorgesailie tulisimama kunywa maji. Tairi zilikuwa za moto mkononi. Shemeji akapima upepo, akakuta umepanda kuliko nilivyoupima nyumbani, akataka kupunguza.

"Acha, shemeji," nikamwambia. "Kile kipimo cha upepo kilichoandikwa mlangoni mwa gari ni cha tairi baridi. Ukitoa sasa, zikipoa zitakuwa na upepo mdogo."

Upepo mdogo ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Ubavu hujikunja kila mzunguko, joto linazidi, na hapo ndipo tairi hupasuka katika mwendo wa kasi.

Mbele ya hapo kulikuwa na sehemu ambazo kingo za lami zimemegeka, na kila lori lilipokuja nilipunguza mwendo kabla gurudumu la kushoto halijashuka. Magadi mjini tulifika salama, jua kali, ziwa jeupe kwa magadi. Lakini njia ya kwenda kwenye chemchemi za moto ni mawe na vumbi, na huko ndiko tairi ya kiangazi inakoonyesha udhaifu wake. Jiwe lenye ncha lilichana ubavu wa tairi ya nyuma. Pancha ya ubavuni haizibwi, kwa sababu sehemu hiyo hunepa muda wote na kiraka hakidumu. Tukatoa jeki, tukafunga spea, tukageuza gari. Anayetaka kuendelea hadi Shompole avishe tairi za njia mbovu zenye ubavu mnene, na abebe spea nzima.