Breki za diski zikikamata, usikimbilie pedi mpya

Tanga ni mji wa baiskeli, na Phoenix ya breki za fimbo fundi yeyote wa Ngamiani anaifungua huku anapiga soga. Shida inaanza ikiletwa baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya yenye breki za diski, zile ambazo vipande viwili viitwavyo pedi vinabana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Gurudumu la nyuma zito, linakwaruza, mwenyewe anaambiwa, "Pedi hizo zimekufa, tafuta nyingine." Anazunguka mji mzima kuuliza pedi ambazo madukani hazipo. Wengine siku hizi wananiletea mimi. Kazi yangu ni kuuza dawa, ufundi sina cheti chake, ila baiskeli yangu ina diski na hakukuwa na mtu wa kuigusa, basi nikajifunza. Tena vifaa karibu vyote vipo hapahapa kwenye makabati ya dukani: spiriti, pamba za masikio, glovu.

Wa karibuni ni kijana wa mtaa wa nyuma. Yeye na wenzake wanataka kushuka na baiskeli kutoka Lushoto hadi Mombo, kama kilomita 33 za kona na mteremko, karibu mita elfu moja kwenda chini. Hapa Tanga tambarare breki ikikamata inakumalizia miguu tu. Kule diski inayokwaruza njia nzima inachemka, na ukiigusa inakuunguza kama pasi.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeimwagia nini?"

"Oili kidogo tu, ilikuwa inalia."

Basi hapo palepale pedi zilizokuwa nzima zikawa zimekwisha. Oili ikishaingia kwenye pedi haitoki. Wapo wanaozichoma jikoni, wapo wanaozisugua msasa; mimi nazitupa, kwa sababu breki si mahali pa kubahatisha. Diski yenyewe inasafishika kwa spiriti.

Lakini ule mkwamo wa mwanzo haukutokana na pedi, na ndivyo ilivyo mara nyingi. Ndani ya kalipa (kile kibano kinachobeba pedi) ya breki za mafuta kwa kawaida kuna pistoni mbili za kusukuma pedi, moja kila upande wa diski. Kila moja imevikwa mpira wa duara. Ukivuta mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni na ule mpira unajipinda kuifuata. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, chini ya milimita moja. Ni huo mpira tu. Kile kispringi unachokiona katikati ya pedi kazi yake ni kuzitenganisha pedi, hakina ubavu wa kuvuta pistoni. Sasa vumbi, unga wa pedi na hewa yetu ya chumvi vikigandana kwenye ubavu wa pistoni, mpira unashindwa. Pistoni inabaki nje, pedi inabaki imeegemea diski.

Kabla ya kufungua, washa tochi ya simu, chungulia kwenye uwazi wa kalipa, mtu mwingine avute breki taratibu. Kwa yule kijana, pistoni ya kushoto ilikwenda na kurudi vizuri. Ya kulia ilikuwa imetoka kidogo na kutulia, haiendi wala hairudi.

Toa gurudumu. Nyoosha kotapini inayoshikilia pedi (nyingine zina skrubu ndogo yenye kibanio) uivute, kisha toa pedi na springi yake. Kwetu pwani bamba la chuma la pedi huota kutu likaumana na kalipa. Usilipigepige. Lisukume nyuma kwanza kwa kile kijiti cha plastiki cha kutolea tairi, ndipo ulichokonoe kwa plaizi huku na huku mpaka liachie. Bisibisi weka mbali. Pistoni nyingi za kampuni ya Shimano ni za kauri au plastiki ngumu, ukizibinya na chuma zinapasuka, na pistoni iliyopasuka haina dawa.

Osha ndani ya kalipa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Ikikauka inakuja kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Weka kipande cha mbao katikati, kinachoacha nafasi ndogo, uvute mkono wa breki polepole mpaka pistoni zitokeze milimita mbili hivi. Bila hicho kipande, ukivuta mara moja zaidi pistoni inaruka nje na mafuta yanamwagika. Ile inayotembea izuie kwa kijiti cha plastiki, ili nguvu yote iende kwa ile mvivu. Ubavu wake ukionekana utauona una mkanda mweusi wa uchafu. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti, sugua kuizunguka pistoni, badilisha pamba, sugua tena mpaka itoke nyeupe. Kwa yule kijana zilitoka nyeusi tii kwa muda mrefu, mpaka akaniuliza kama kweli yote hiyo ni vumbi.

Kuhusu spiriti, soma kibandiko. Ile ya hospitali ya aina ya Kiingereza huwa na mafuta ya mbarika ndani, kwa ngozi ni nzuri, kwa diski ni yaleyale ya oili. Omba ya isopropili.

Kisha tone moja la mafuta ya breki kwenye ubavu wa pistoni, yaleyale yaliyomo ndani ya mfumo. Shimano na Tektro zinatumia mafuta ya madini. Avid na Hayes za zamani zinatumia ya DOT, kama ya gari. Ukichanganya, mipira inavimba na kuharibika. Irudishe pistoni ndani kwa kijiti, wima, itoe tena, irudishe tena. Mara ya kwanza ni ngumu, baadaye unaona inaanza kwenda sawa na mwenzake. Futa kila tone lililobaki kabla ya kurudisha pedi.

Kama breki zako ni za waya, mambo ni mepesi. Usukume kwa kidole mkono mdogo ulio kwenye kalipa. Ukirudi wenyewe chwaa, kosa ni la waya ulioshika kutu ndani ya mpira wake. Badilisha vyote viwili. Ukiwa mzito hata waya ukifunguliwa, uchafu uko ndani ya kalipa.

Kufunga: rudisha gurudumu, legeza boliti mbili za kalipa kwa alenki namba 5, vuta breki ukaishikilia, kaza boliti kidogokidogo kwa zamu. Zungusha gurudumu usikilize. Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa: kimbia, punguza mwendo kwa breki bila kusimama kabisa, rudia mara nyingi. Mwanzoni hazishiki vizuri, usitishike. Pedi ikibaki nusu milimita ya kitambaa, yaani ile sehemu inayosugua diski, iondoe.

Kijana ameagiza pedi kwa ndugu yake aliyeko Dar, na nimemwambia Lushoto asipande hadi zifike na zizoee. Baiskeli zao zitapakiwa kwenye buti la basi magurudumu yametolewa, na utingo lazima atashika mkono wa breki. Bila diski katikati, pedi zinakutana na kubana, ukifika gurudumu haliingii. Nimempa vipande vya boksi la panadoli avikunje na kuvichomeka katikati ya pedi, mbele na nyuma, vya wenzake wote.