Nyuki, karafuu na gesi ya kumbukumbu: mradi ulipofikia

Nyuki wa mradi wangu wa kuchunguza kumbukumbu wameanza kujibu, tena vizuri kuliko nilivyotarajia kwa baridi hii ya Dodoma.

Ninachofuatilia ni hiki: nyuki akionjeshwa sukari pamoja na harufu fulani mara moja tu, huisahau mapema. Akirudiwa mara tatu, kesho yake bado anaikumbuka. Tofauti hiyo inahusiana na gesi, oksidi ya nitriki. Seli ya neva huitengeneza kwa kimeng'enya kinachotumia arginini (aina ya asidi amino) na oksijeni. Kwa kuwa ni gesi, hupenya utando na kuingia seli za jirani, hata zile zisizoungana nayo kwa sinapsi (kiungo cha neva na neva), kisha huamsha kimeng'enya kingine kinachozalisha saikliki GMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Sekunde chache tu, gesi imetoweka.

Mwaka 1996 mtafiti Uli Müller, akiwa Berlin, aliwazuia nyuki wasitengeneze gesi hiyo wakati wa mafunzo. Walijifunza kama kawaida, na saa chache baadaye walikumbuka kama kawaida. Siku iliyofuata ndipo waliofundishwa mara tatu walipoonekana sawa na waliofundishwa mara moja. Kila nikilisoma jaribio hilo nasisimka: kujifunza kumebaki, kilichopungua ni kumbukumbu ya kudumu peke yake.

Nyuki nawapata kwa mzee mmoja wa Hombolo mwenye mizinga. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, umekula ndizi?" Nikamwambia hapana, mzee. "Basi sogea." Ana haki ya kuuliza. Harufu ambayo nyuki hutoa wanapouma, ya kuitana vitani, ina kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu. Kwa hiyo ndizi niliiondoa kabisa kwenye orodha ya harufu za kufundishia, nikachagua mafuta ya karafuu.

Nyuki nawapoza kwenye barafu hadi watulie, kisha kila mmoja anaingia kwenye kipande cha mrija wa juisi, na utepe mwembamba nyuma ya kichwa. Vipapasio na ulimi vinabaki huru. Wanashiba jioni, asubuhi wana njaa. Ukigusa kipapasio kwa kijiti chenye maji ya sukari, ulimi hukunjuka papo hapo, mwekundu wa kahawia, ncha yake ina vinyweleo na inalamba hewa ikitafuta. Nawapulizia karafuu, sukari inafuata, kisha napumzika dakika kumi kabla ya kurudia.

Kesho yake napuliza karafuu bila sukari. Wengi wa kundi la mara tatu wanatoa ulimi. Wa mara moja, wachache. Asubuhi zenye upepo mkali wote huwa wazito, kwa hiyo siku hizi nawapasha joto kwanza chini ya taa.

Hatua inayofuata ni kukitazama chenyewe kimeng'enya kinachotengeneza gesi. Hakiharibiwi na formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na kikipewa NADPH (kemikali ya seli inayotoa elektroni) pamoja na chumvi ya tetrazoli, hugeuza chumvi hiyo kuwa buluu pale pale kilipo. Nataka kuona buluu hiyo kwenye kituo cha kwanza cha harufu ubongoni, zinapoishia neva za vipapasio. Ubongo wote ni kama milimita moja ya ujazo, kwa hiyo lazima ugandishwe na kukatwa vipande vyembamba sana. Chumvi nimeshaagiza. Kwa mashine ya kukatia, nimeomba nafasi katika maabara ya chuo.