Jinsi ninavyopata mapito ya kulungu kwenye vilima vya Wisconsin

Kulungu wa mkia mweupe hulala pengi na hula pengi, lakini hapiti ovyo. Akihama kutoka bonde moja kwenda jingine hukwepa magenge, hukwepa uwanda ulio wazi, na huchagua pasipomchosha. Ukishajua hivyo, unachotafuta msituni si kulungu tena. Unatafuta mahali ambapo nchi imembana asiwe na pa kupita ila hapo.

Ninawinda kusini-magharibi mwa Wisconsin, upande wa Mto Mississippi. Barafu kubwa za kale zilizosawazisha sehemu nyingi za kaskazini mwa Marekani hazikufika huku, ndiyo maana pamebaki migongo mirefu ya vilima na makorongo yenye kuta kali, vijito vikipita chini. Juu ya migongo kuna mashamba ya mahindi na soya, mabondeni pia, na msitu umebaki kwenye miteremko. Nchi ya namna hii imejaa vipito.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu mvuvi wa wando hamkimbizi samaki. Anasimamisha uzio wa fito kwenye maji mafupi, maji yakitoka samaki anaufuata uzio mpaka chumbani. Huku Wisconsin uzio umeshasimamishwa na Mungu, kwa magenge na mito. Kazi iliyobaki kwangu ni kuusoma unaelekea wapi.

Naanza na ramani, nyumbani, wakati nje bado kuna theluji. Ramani za topografia, zinazoonyesha sura ya ardhi, za USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, hupatikana bure mtandaoni, na jambo la kujifunza kwanza ni mistari ya kontua, inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni pole. Natafuta pale mgongo wa kilima unapobonyea kati ya vilele viwili, maana kulungu anayevuka mgongo hupenda kuvukia palipo chini. Natafuta pia ukanda mwembamba wa tambarare unaokatiza katikati ya mteremko mkali, ambao wanyama huufuata kwa urefu wake wote. Vivuko vya vijito na vipande vya miti vinavyounganisha misitu miwili katikati ya mashamba sihitaji kuvieleza sana, hata picha ya setilaiti inakuonyesha.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kichwa cha korongo. Korongo linapanda kutoka bondeni, linazidi kuwa kali, kisha linaishia karibu na kilele. Kulungu anayetembea ubavuni mwa kilima akilifikia hashuki na kupanda tena upande wa pili. Anapanda kidogo, analizunguka kwa juu, kisha anaendelea na safari yake. Sasa fikiria juu ya kichwa hicho kuna shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kati ya ukingo wa korongo na ukingo wa shamba unabaki ukanda wa miti tu. Ninapowindia mimi, kwenye ardhi ya umma, ukanda huo ni wa mialoni na upana wake ni hatua thelathini hivi. Kizuizi kimoja humshawishi kulungu. Vizuizi viwili vikikutana humlazimisha. Kipito chenye kizuizi kimoja naweza kukiacha, chenye viwili sikiachi.

Ramani haijui kila kitu, kwa hiyo theluji ikianza kuyeyuka naenda kwa miguu. Wakati huo majani hayajachipua, njia zilizokanyagwa vuli iliyopita bado zinaonekana, na hata nikiwashtua wanyama, hadi msimu ufike watakuwa wamesahau. Natazama miti michanga iliyochubuliwa na madume kwa pembe, na mahali walipoparua udongo. Zaidi ya yote natafuta majike yanalala wapi. Kipito chenye malazi ya majike pande zote mbili ndicho cha katikati ya Novemba, wakati madume yanapozunguka kutwa nzima kutafuta jike aliye tayari.

Halafu kuna upepo, ambao kwangu ndio mtihani wenyewe. Asubuhi jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa hushuka na kukusanyika makorongoni. Kulungu akikunusa, umeshamkosa. Jawabu langu ni kukaa ukingoni kabisa mwa korongo siku ambayo upepo unavuma kutoka shambani, ili harufu yangu iangukie ndani ya korongo, mahali ambapo kulungu hapiti. Kile kile kinachomzuia yeye kinanifichia harufu. Nafikia dungu langu kwa kupitia shambani gizani, nisiikanyage njia yao, na mkanda wa usalama naufunga kabla miguu haijaacha ardhi.

Mwaka jana kijana wa Bukavu tuliyefuatana naye aliniuliza kwa kunong'ona, “Kaka, umejuaje kama watapita hapa?” Nikamwonyesha korongo, nikamwonyesha shamba. Kabla ya saa nne asubuhi jike lilipita kwenye mialoni, dume likilifuata. Nikapiga bismillahi, nikafyatua. Wisconsin inataka mnyama aandikishwe kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata, na kwa kuwa ugonjwa wa kukondesha kulungu umekuwepo jimboni tangu 2002, nilipeleka kichwa kipimwe. Nyama ilikaa kwenye friza mpaka majibu yalipotoka salama. Nawasihi wote wanaowinda huku wafanye hivyo.

Msimu mkuu wa bunduki, unaoanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru mwishoni mwa Novemba, nabadilisha mahali. Watu wanapanda kutoka barabarani kwa wingi, na kulungu huacha njia zao za raha na kushika zile ngumu. Siku hizo navaa rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo sheria inataka ifunike angalau nusu ya vazi la juu ya kiuno, naiacha ile mialoni na kuhamia kwenye ukanda wa tambarare ulio katikati ya mteremko mkali zaidi, mbali na maegesho, nikiwa nimeshakaa kabla gari la kwanza halijafika.