Kitako cha Babu

Nimekaa barazani. Mikono inanuka siki na mafuta ya kitani, na kwenye kucha kumeingia weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Mvua imeanza tangu saa tisa. Kutoka hapa nyumbani Walukuba, mtaa wa Jinja, ziwa halionekani, lakini siku kama ya leo unalisikia mwilini: shati halikauki kambani, chumvi inalowa ndani ya kopo, mlango wa choo umevimba mpaka uusukume kwa bega. Unyevu huohuo ndio ulionitafutia kazi ninayotaka kuiandika leo.

Mwezi uliopita tulifungua stoo ya nyuma ili tubadilishe mabati yaliyotoboka. Chini ya magunia, ndani ya turubai lililoanza kuoza, nikakuta kitako cha bunduki. Kitako peke yake. Hakuna mtutu, hakuna bolti, hakuna chuma chochote ila bamba la shaba ya manjano kwenye kisigino na skrubu zake mbili. Kilikuwa kimeota manyoya. Ukungu mweupe na wa kijani umekivaa kizima kama muhogo uliosahauliwa juani ukanyeshewa, na pale ulipopungua yanaonekana madoa meusi. Nilikijua palepale. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa chini ya mwembe namwangalia Babu akikipaka mafuta.

Babu alikuwa askari wa Keya. Kwa vijana wasiolijua jina hili: ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Batalioni ya nne ndiyo ilikuwa ya Uganda, makao yake Bombo na baadaye hapa Jinja. Ndiko kilikotoka hata Kiswahili cha nyumbani kwetu. Babu alitoka West Nile, Bibi alikuwa Mnubi wa Bombo, na kambi ndiyo iliyowapa lugha moja. Watu wa pwani wakitusikia wanacheka kidogo, lakini mimi sijui lugha nyingine ya kumlilia mtu wangu.

Hakwenda kupigana Burma kama askari wengine wa Keya. Aliingia jeshini Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimekwisha, akawekwa ghala la silaha, upande wa mbao. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa, kubadilisha vitako vilivyolegea, kupaka mafuta. Kitako kilichopasuka vibaya kilifutwa kwenye hesabu kikawa kuni. Kimoja kati ya hivyo alikiomba, akakirudisha nyumbani, akauziba ufa wake kwa kijiti cha mvule na gundi. Kijiti hicho kipo mpaka leo, rangi yake ni tofauti na mbao iliyokizunguka. Alikuwa akisema: chuma kinajililia chenyewe kikiumwa, mbao ndiyo ya kulelewa.

Ni kitako cha Lee-Enfield. Mbao yake ni ya mti wa jozi, nzito, ya kahawia iliyokolea. Bunduki hizo zilikuwa na kitako kilichotengana na mbao ya mbele, kikishikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake kwa urefu, na vitako vyenyewe vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali ili askari mfupi na askari mrefu kila mmoja apate kinachomkaa begani. Juu, karibu na kisigino, kimegongwa herufi S. Ni kifupi. Kwenye bamba la shaba kuna kimlango, na nyuma yake tundu ambamo askari alikuwa akiweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Nilipokifungua kimlango kwa ncha ya kisu nikatoa kipande cha kitambaa kilichogandamana, cheusi, kimejaa ukungu. Sikukitupa. Nimekiweka kwenye bahasha.

Mama alipoona nimekishika akasimama mlangoni.

“Mwanangu, hicho kitu kichome.”

“Mama, ni mbao tu. Cha Babu.”

“Wewe unaona mbao. Mimi nasikia mlango.”

Akaingia ndani. Hakusema zaidi siku ile, na sikumuuliza. Alikuwa msichana mdogo Aprili 1979, Kampala ilipokwisha kuanguka na askari wa serikali ya Idi Amin iliyoondolewa wakawa wanapita Jinja wakikimbia, kabla majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni hayajafika hapa. Usiku ule hawakugonga kwa mkono. Siku tatu baadaye, tukichambua mchele, aliniambia yeye mwenyewe: “Siyo hicho kilichogonga. Najua kilikuwa humuhumu stoo. Ni ndugu zake.” Nikaacha kuchambua. Yeye akaendelea.

Kwa hiyo niliifanya kazi hii taratibu, na nje ya macho yake kadiri nilivyoweza. Kwanza nilikifunga kwenye khanga nikampelekea mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, maana sikutaka jirani aone umbo lile kwa mbali akaogopa au akapiga simu. Alikigeuza, akachungulia tundu la bolti, akasema hiki ni ubao, lakini usikitembeze bila kukifunika. Nikamshukuru.

Ukungu hausafishwi ndani ya nyumba. Ukiufuta ukiwa mkavu unapeperusha mbegu zake, unazivuta kifuani na unazipanda kwenye kuta. Nilikaa nyuma ya jiko, nikavaa barakoa iliyobaki tangu siku za korona, nikakinyunyizia kwanza siki nyeupe ili manyoya yalale, kisha nikakifuta kwa vitambaa, kila kitambaa mara moja tu na kutupa. Baada ya hapo siki tena, na mswaki laini, nikifuata nyuzi za mbao. Kwenye tundu la bolti nilifunga kitambaa kwenye kijiti cha ufagio. Kazi ya asubuhi nzima. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa.

Hapa nilikosea, na nasema ili mwingine asikosee. Kwenye doa moja sugu, upande wa chini, nilitia jiki, hii ya kufulia nguo nyeupe. Doa lilipauka, lakini mbao nayo ikapauka, kiraka chenye ukubwa wa shilingi mia mbili, na nyuzi zikasimama kama nywele. Jiki sehemu kubwa ni maji. Dawa inabaki juu ikiunguza rangi, maji yanazama ndani, na maji ndiyo ukungu unayoyataka. Tena usithubutu kuichanganya na siki: inatoka hewa ya klorini inayoziba pumzi. Nashukuru nilikuwa nimekwisha suuza siki na nilikuwa nje.

Fundi seremala wa mtaa wa pili, mzee wa watu anayetengeneza vitanda vya mbao ya musizi, alikuja akakitazama. Akachukua msumari, akakibonyeza hapa na pale kwa ncha. Haikuzama popote.

“Mwalimu, mbao yako nzima,” akasema. “Hii haijaoza. Kilicholiwa ni mafuta.”

Maneno hayo yamekaa nami. Kuna kuvu wanaoozesha mbao, wanaokula ule mwili wake mpaka ikawa kama sponji. Huu si huo. Ukungu wa juujuu unaishi kwa vitu vyepesi: sukari, uchafu, jasho, mafuta. Na mafuta mabichi ya kitani, aliyokuwa akiyatumia Babu mwaka baada ya mwaka kwa mkono wake, ni chakula chake kabisa. Yaani ukungu ule ulikuwa unakula malezi ya Babu. Aliipaka mbao ili idumu, akafa, sisi tukaifungia gizani ndani ya turubai lisilopitisha hewa, na kile alichokipaka kikawa shamba. Sikujua nicheke au nilie. Nilikaa tu nayo mapajani.

Kukausha kulichukua wiki mbili. Kosa la wengi ni kuweka juani, mbao inapasuka. Mimi nilikining'iniza kwa kamba kwenye ushoroba, mahali penye upepo na kivuli, na kila jioni nikakipima kwenye mizani ya dada anayeuza unga. Siku ya kwanza gramu 742. Kikashuka, kikashuka, kikafika 703, na siku tatu mfululizo hakikushuka tena. Hapo nikajua kimetoa maji yake.

Kisha likaja suala la msasa.

Kila niliyemwonyesha aliniambia piga msasa, kitang'aa kama kipya. Fundi mwenyewe alikuja na vipande viwili, cha mkwaruzo na cha laini, kwa moyo mwema. Nilivipokea, nikaviweka kwenye droo. Upande wa kushoto wa kitako, pale shavu la askari linapolala akilenga, mbao imekuwa laini na nyeusi zaidi kuliko kwingine. Ni jasho. Si la Babu, yeye alikuwa wa ghalani. Ni la watu waliokishika kabla hakijapasuka, watu wafupi, maana ni cha S. Wengine huenda hawakurudi kwao. Ukipiga msasa dakika tano hao wote wanakuwa vumbi miguuni pako. Na kijiti cha mvule, ambacho Babu alikiacha kikiwa juu kidogo ya uso wa mbao, kidole kinakigundua hata gizani, nacho kingesawazishwa kikapotea. Sijapiga msasa. Sitapiga.

Lakini naandika hivi nikijua Mama angefurahi kingekwanguliwa chote. Kinachonihifadhia Babu ndicho kinachomhifadhia yeye usiku ule.

Mabonde madogomadogo niliyashughulikia kwa pasi. Mbao iliyobonyea haijapotea, nyuzi zake zimelala tu. Unaweka kitambaa chenye maji, unagusisha pasi ya moto sekunde chache, mvuke unaingia na nyuzi zinanyanyuka. Nilitumia pasi yetu ya mkaa, umeme ulikuwa umekatika. Mabonde manne yalinyanyuka mbele ya macho yangu. Jeraha lililokatwa halinyanyuki, na kule karibu na kisigino yako mengi ya namna hiyo, nyuzi zimekatika kabisa. Nimeyaacha. Kuzunguka matundu ya skrubu kuna pete nyeusi zenye ubluu kidogo. Nilidhani ni ukungu, nikazisugua bure. Ni chuma kilichokutana na maji na utomvu mkali wa mti wa jozi, kikatia wino. Hizo nazo zimebaki.

Bamba la shaba lilikuwa la kijani. Nilitumia ndimu na chumvi, nikalisuuza vizuri na kulikausha kabla ya kulirudisha, kwa sababu chumvi ikibaki itazikula skrubu. Kijani kimetoka. Nilikuwa na kopo la Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, mkononi, nimeshafungua kifuniko, nikaona ukingo wa bamba ulivyokwaruzika, mikwaruzo mirefu ya kitu kilichopigwa penye ugumu mara nyingi. Nikafunga kopo. Acha liwe na rangi yake ya zamani. Halihitaji kumng'aria Mama usoni.

Mafuta nimechagua ya kitani yaliyochemshwa, yenye dawa ya kuyafanya yakauke, si mabichi kama ya Babu. Nilisikitika kidogo kumwacha hapo. Koti la kwanza, yaani mpako wa kwanza, niliyachanganya na tapentaini nusu kwa nusu ili yaingie ndani. Unapaka kwa kiganja, unasugua mpaka mbao ipate joto, unasubiri kama dakika 20, unafuta yote yaliyobaki juu. Kufuta ndiyo kazi yenyewe. Mafuta yakiachwa mazito yananata, yanakamata vumbi, na kwa hewa hii ya Jinja ukungu unarudi kabla ya mwezi. Wazee wa mbao wana hesabu yao: kila siku kwa wiki, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka. Mimi naacha siku mbili au tatu kati ya koti na koti, maana mvua hairuhusu haraka. Leo nimepaka la tatu. Mistari ya mbao imetoka, mawimbi ya kahawia na nyeusi, na kile kiraka cha jiki kimeanza kupata rangi ingawa kitabaki kuwa kosa langu. Mwishoni nitapaka nta ya nyuki, shangazi ameahidi kunitumia kutoka Arua. Na hakirudi stoo. Kitakaa kwenye rafu ya chumba changu, mbali na ukuta, hewa ipite nyuma yake.

Jambo moja nililazimika kumweleza Mama, kwa usalama wa nyumba. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani havikunjwi vikatupwa kwenye kona. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na vitambaa vikirundikwa joto halina pa kutokea, linapanda mpaka vinashika moto vyenyewe bila kiberiti. Unavitandaza kimojakimoja mpaka vikauke vigumu, au unavizamisha kwenye ndoo ya maji. Alinisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria. Nilidhani hakunisikia.

Jioni hii mvua ilipozidi nilikimbia kuingiza kitako, nikavisahau vitambaa kwenye rundo juu ya benchi, chini ya mabati. Niliporudi navyo akilini, benchi lilikuwa tupu. Vyote saba vilikuwa kwenye waya wa ushorobani, vimetandazwa, kila kimoja na kibanio chake.

“Usije ukatuchomea nyumba,” Mama akasema kutoka jikoni.