Koru, kwenye chokaa isiyoijua bahari

Matatu ya kutoka Kisumu kwenda Koru ilipita Ahero, Awasi, Chemelil na Muhoroni, miwa kulia, miwa kushoto, matrekta yaliyoshehenezwa yakitufungia njia. Ya barabara yaishie hapo. Mimi nilifuata mawe.

Sisi wa Mombasa twajua chokaa ni mali ya bahari. Jiwe letu la kujengea ni tumbawe la kale: vijinyama laini vilijitengenezea vikombe vigumu vya kabonati ya kalsiamu, kizazi juu ya kizazi, kisha bahari ikashuka na mwamba ukabaki nchi kavu. Una umri wa miaka kama 125,000, na humo ndimo ilimochongwa Ngome ya Yesu kuanzia 1593. Ukilitazama jiwe lake kwa karibu, mistari ya vile vikombe bado yaonekana.

Koru nako huchimbwa chokaa, nami nilitaka kuiona kwa macho yangu.

"Mzee, unatafuta nini kwa hii mawe?" akaniuliza kijana wa bodaboda.

"Natazama kama kuna matumbawe. Nyumba za wanyama wa baharini."

Akacheka. "Bahari, huku Koru?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Nilikwaruza unga wa jiwe kwa kisu, nikaukamulia limau: ukatoa povu, sawasawa na jiwe la kwetu. Kabonati ni ileile. Lakini hapakuwa na kikombe wala mstari hata mmoja, kwa kuwa jiwe hili lilitoka tumboni mwa ardhi. Karibu miaka milioni 20 iliyopita, volkano za upande wa mlima Tinderet zilitapika kabonati, jambo ambalo volkano chache sana duniani hufanya.

Chokaa hiyo ndiyo iliyohifadhi mifupa ya wanyama wa kale. Visukuku vingine hapa, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ni makombe, ila ya konokono wa nchi kavu, na kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko hotuba ya mtaalamu kwamba chokaa hii si ya bahari. Mwaka 1926 mlowezi mmoja, Gordon, aliokota mifupa Koru. Mwaka 1933 mtaalamu wa visukuku, Hopwood, akampa jina mmoja wa wanyama hao: Proconsul, sokwe wa kale asiye na mkia.

Kijana alitaka kujua kama mfupa kama huo una bei. Nikamwambia sheria inakataza kuuchukua. Ukiuona, waite watu wa makumbusho.

"Na kungoja je?" akasema, akiwasha pikipiki. "Hiyo iko na bei."